Kinga ya umeme: tuangalie kilima kwanza, halafu batiri, bei iwe ya mwisho



Siku hizi katika mikutano yetu neno moja linarudi mara nyingi: kinga ya umeme. Vijana wameona picha kwenye simu. Wafanyabiashara wa mijini wameanza kuleta moja moja. Na wale waliofika Kigali wameona pikipiki za umeme, dereva anaacha batiri tupu kituoni na kuondoka na ingine iliyojaa. Basi komite zinatuuliza sisi agronomu: tuchague ya namna gani? Ile yenye mwendo? Yenye mota kubwa? Ya bei ndogo?

Mimi naona maswali hayo ni ya mwisho. Mbele yake kuna mawili. La kwanza: mzigo wetu unapanda ao unashuka? La pili: batiri ikikufa, ni feza gani itanunua ingine? Koperative ambayo haina jibu la hayo mawili isinunue kinga ya umeme. Hata ikipewa bure, ifikiri sana mbele ya kusema asante.

Tuanze na kilima. Chukueni mkulima wa kahawa upande wa Kalehe. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi, na mashamba yako juu yake, milimani. Pale ambapo kituo cha kuosha kahawa kiko chini karibu na maji, kahawa inashuka na mzigo, na kinga inapanda mtupu. Hapo hamuhitaji mota kubwa. Munahitaji breki. Breki za mpira zinazobana ukingo wa gurudumu zinaisha haraka kwenye tope, na mvua ikinyesha hazishiki vizuri. Tafuteni breki za diski mbele na nyuma, spoki nene na keria ya chuma iliyochomelewa vizuri. Watu wa chukudu wamejua jambo hili tangu zamani: kutoka Kibumba kushuka Goma na mzigo, kazi yote ni kuzuia, siyo kusukuma.

Lakini kama njia ya gari iko juu na shamba liko bondeni, mambo yanageuka. Mzigo unapanda, na kilima kinakula batiri. Kuna hesabu ndogo ambayo kila komite inaweza kufanya. Jumlisheni kilo zote: dereva, kinga na mzigo. Zidisheni kwa mita za kupanda, ambazo simu nyingi zinaweza kupima. Kisha gawanyeni kwa 270. Mutapata wati-saa ambazo kilima peke yake kitakula, pamoja na zile ambazo mota inapoteza kwa joto.

Mfano: dereva kilo 60, kinga kilo 40, mzigo kilo 80. Jumla ni 180. Kilima ni mita 400. 180 mara 400 ni 72 000. Gawanya kwa 270, unapata karibu wati-saa 267. Sasa angalieni batiri. Imeandikwa volti 48, ampea-saa 15. Zidisha hizo mbili: ni wati-saa 720. Mtu atasema, basi tunapanda mara mbili na inabaki. Ngojeni. Batiri haipendi kumalizwa mpaka chini, na bado hatujahesabu tope, mawe na urefu wa njia. Kwa barabara zetu, batiri hiyo inatosha safari moja yenye mzigo. Safari ya pili ni kubahatisha, na mtu atasukuma kinga nzito kwa mikono usiku unaingia.

Kwenye kilima kikali angalieni pia fasi mota iko. Ile iliyo ndani ya gurudumu ni rahisi na haina kazi nyingi kwa fundi, lakini ikipanda polepole na mzigo mkubwa inapata joto na inaweza kuungua. Ile iliyo katikati, kwenye pedali, inatumia gia kama miguu yako. Inapanda vizuri zaidi, lakini inakula mnyororo. Mukichagua hiyo, wekeni minyororo ya akiba depo tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kubebesha batiri mzigo, agronomu ana neno lingine: tusibebe maji. Kilo 100 za muhogo mbichi, ukishamenya na kukausha, zinabaki kilo 30 hivi za makopa. Kukausha kwenye shamba kunapunguza safari tatu kuwa moja, na jua halidai feza. Lakini kahawa mbivu haingoji: lazima iondolewe maganda siku ile ile ilipochumwa, la sivyo inaanza kuchacha na bei inaanguka. Kwa hiyo kinga ya umeme iende kwanza kwenye kitu ambacho saa ikipita kinaharibika. Maharagi makavu yanaweza kungoja siku ya soko. Kahawa hapana.

Sasa batiri. Hapa ndipo koperative zinaweza kuanguka. Batiri haiko sawa na chuma cha kinga. Ni kitu kinachoisha, kama tairi, ila bei yake ni kubwa. Ile ya risasi, kama ya gari, ni ya bei nafuu lakini nzito, na ukiimaliza mara nyingi mpaka chini inakufa mapema. Za lithiamu ziko za namna nyingi. Kuna zenye nikeli na kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia inachimbwa hapa kwetu Congo, upande wa Kolwezi. Ni nyepesi. Kuna zingine za chuma na fosfati, hazina kobalti, ni nzito kidogo, lakini kwa kawaida zinavumilia kujazwa mara nyingi zaidi. Kwa mkulima, mimi ningechagua hizi. Muulizeni muuzaji ni ya namna gani, na jibu liandikwe kwenye fakture.

Ya kujaza je? Kama hamuna umeme wa laini, pano ya jua ya wati 300, siku ya jua zuri, inaweza kurudisha wati-saa karibu 1000. Siku za mvua ni kidogo sana. Batiri iwe ya kutoka kwenye kinga, ijaziwe depo mbele ya macho ya mlinzi, mbali na esansi na nyumba ya nyasi. Ikiwa imelowa, ingojwe ikauke.

Halafu feza ya kuibadilisha. Tuseme batiri mpya ni dola 300 na munategemea safari 600. Ni nusu dola kila safari, inayoingia kwenye kasha lake, na kitabu chake kisomwe kwenye mkutano mkuu. Isichanganywe na feza ya mbegu. Kama wanamemba wanaona nusu dola ni nyingi kwa safari, hiyo ni alama kwamba kinga hiyo haitawalipa, na heri kujua leo.

Wengine watasema: agronomu anatukatisha tamaa. Mama anabeba kilo 50 mgongoni leo, mkanda kwenye paji la uso, na huyu anatuletea hesabu! Ni kweli, mama huyo hawezi kungoja sana. Lakini ndiye atakayelipa tukikosea. Kinga ikianguka pane baada ya miaka miwili, kijana atatafuta kazi ingine. Mama atarudia mkanda wake, na deni la koperative juu yake. Kwa hiyo aulizwe mbele ya kununua. Kiunzi kiwe cha chini, ili mwenye kitenge apande bila kuruka chuma. Naye afundishwe kuendesha, siyo mtoto wa prezida peke yake.

Nasema neno hili pia kwa sisi wa miradi. Tukileta kinga kumi bila fundi aliyefundishwa, bila vipande vya akiba na bila kasha la batiri, tumeleta vyuma vya kutu. Koperative ina haki ya kutuambia: leteni tano na vipande vyake, zile ingine tano tutaongeza wenyewe kazi ikilipa.

Basi kwenye mkutano unaokuja, mbele ya kuangalia picha za kinga, tumeni watu wawili wapime njia yenu: kilometa ngapi, mita ngapi za kupanda, mzigo unaenda upande gani. Waandike kwenye karatasi moja. Muuzaji ao mradi ukija, mupeni karatasi hiyo kwanza. Akishindwa kuonyesha kinga inayoweza njia hiyo, mwacheni aende na kinga yake.