Bunduki ya Kale Haitaki Msasa

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamelelewa katika kung'arisha. Askari huamka alfajiri kusafisha bunduki yake, mtutu huinuliwa kwenye mwanga na kuchunguliwa, na ole wake atakayekutwa na chembe ya kutu mbele ya mkaguzi. Hata mkewe na watoto wake huijua harufu ya mafuta ya bunduki. Kwa hiyo huenda wengi wakashangaa wakisikia kwamba wako watu, tena wenye fedha nyingi, ambao wakiletewa bunduki iliyosuguliwa ikameta kama sahani mpya hukunja uso na kupunguza bei.

Watu hao ni wakusanyaji wa bunduki za kale. Wako katika nchi nyingi, lakini ni Marekani ambako shughuli hii imekuwa biashara kubwa yenye minada, maonyesho na wataalamu wake. Na maadamu ni biashara, ina vitabu vyake. Ndivyo tunavyotaka kuvizungumzia wiki hii, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo yanayomhusu kila mwenye kitu cha kale nyumbani, kiwe ni saa ya babu au nishani ya vita.

Vitabu hivyo ni vya namna mbili, na asiyezitofautisha hupata hasara. Namna ya kwanza ni vitabu vya bei. Mashuhuri kupita vyote kwa bunduki za kale za Kimarekani ni kile cha Norm Flayderman, mfanyabiashara wa vitu vya kale wa jimbo la Connecticut. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1977, na chapa ya tisa ikatolewa mwaka 2007. Flayderman mwenyewe alifariki mwaka 2013. Kingine ni kile kiitwacho Blue Book of Gun Values, cha S. P. Fjestad, kilichoanza mwaka 1981 huko Minneapolis, ambacho hupima ubora wa bunduki kwa asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobakia juu ya chuma. Namna ya pili ni vitabu vya marejeo. Hivi havitaji bei. Kazi yake ni kueleza bunduki ilitengenezwa wapi, lini, kwa alama zipi, na ni sehemu gani zilizobadilishwa mwaka gani. Mfano wake ni kitabu cha George Madis juu ya bunduki za Winchester, cha mwaka 1961, na kile cha Howard Blackmore juu ya bunduki za jeshi la Uingereza kuanzia mwaka 1650 hadi 1850, kilichotoka mwaka huohuo.

Kwa maoni yetu namna ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Bei huchakaa kama gazeti la jana. Bei zilizopigwa chapa mwaka 2007 haziwezi kumwongoza mnunuzi wa leo, lakini maelezo ya alama na vipimo yaliyomo katika kitabu hichohicho yangali na faida ileile.

Turudi kwenye kung'arisha. Katika kitabu cha Flayderman, bunduki moja aghalabu huandikiwa bei mbili, kwa hali mbili tofauti za ubora, na bei ya juu huweza kuwa maradufu ya ile ya chini au kuzidi. Hali hizo hazikubuniwa kwa matakwa ya muuzaji. Chama cha wenye bunduki cha Marekani, kiitwacho NRA, kiliweka ngazi za kupimia bunduki za kale: juu kabisa iko ile iliyo kama ilivyotoka kiwandani, na chini kabisa iko mbovu. Ili bunduki ihesabiwe kuwa bora sana yapasa iwe na sehemu zake zote za asili na rangi ya kiwandani zaidi ya asilimia 80. Ngazi inayofuata hutaka zaidi ya asilimia 30. Na ngazi iliyo chini ya hiyo, ambayo bado ni nzuri sana, haidai rangi yoyote, mradi sehemu zote ziwe za asili, chuma kiwe laini, kingo ziwe kali na maandishi yasomeke.

Sasa tazama mahali msasa unapoingia. Bunduki iliyosafishwa kwa kusuguliwa au kupakwa rangi upya haimo katika ngazi hizo za juu. Imetajwa katika ngazi iliyo chini yake, pamoja na zile zenye kutu na vipande vilivyobadilishwa. Iliyosuguliwa kwa nguvu, hata kingo zake zikaviringika na maandishi yakafutika kwa sehemu, hushuka ngazi nyingine tena. Mtu aliyeshinda kutwa nzima akisugua urithi wa babu yake kwa nia njema huenda ameondoa kwa mkono wake kile ambacho mnunuzi alikuwa tayari kukilipia. Rangi ya hudhurungi ambayo chuma hufanya kwa miaka 100 haiwezi kurudishwa, na nambari iliyofutika haisomeki tena.

Nambari hiyo ni jambo kubwa. Bunduki za Winchester za mwaka 1873 zilitengenezwa zaidi ya 700,000, lakini chache mno, zisizofika 140, zilichaguliwa kiwandani kwa kupiga shabaha vizuri zaidi na zikachorwa maneno ya kuzitambulisha kuwa moja katika elfu. Kwa mbali mtu hawezi kuzitenganisha na nyingine. Tofauti ya bei ni kubwa mno, na hilo limewavuta wachoraji wadanganyifu. Hapo kitabu cha bei hakimsaidii mnunuzi. Humbidi afungue kitabu cha marejeo, kisha apeleke nambari ya bunduki kwenye jumba la makumbusho la Cody, katika jimbo la Wyoming, ambako daftari nyingi za kiwanda cha Winchester zimehifadhiwa.

Karatasi nazo huuza. Mwezi Agosti 1921 bastola ya Colt isingekuwa ajabu kwa mtu yeyote. Mwezi Agosti 2021 bastola moja ya aina hiyo iliuzwa mnadani huko Los Angeles kwa dola zaidi ya milioni 6. Aina yake si adimu, kwani zilitengenezwa zaidi ya 350,000 kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini hiyo ndiyo Pat Garrett aliyomwulia Billy the Kid mwaka 1881, na historia yake ilikuwa na ushahidi wa maandishi. Hakuna kitabu cha bei kingaliweza kuitabiri. Wenye kuhifadhi barua, picha na vyeti vya wazee wao wasiviache viliwe na mchwa.

Kwetu Afrika Mashariki, je? Bunduki za kale tulizijua mapema, na lugha yetu ni shahidi: gobori, gumegume, korofindo, fataki. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kushindiliwa kwa nyuma katika miaka ya 1860, zile za zamani za kushindiliwa mdomoni zilitafutiwa soko huku. Mwaka 1888 Konseli Mkuu wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha mpya, lakini uliacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu.

Gobori likiwa na alama ya taji, wengi hudhani lilikuwa la jeshi la Uingereza. Kitabu cha marejeo humwambia mtu ageuze mtutu na kutafuta herufi ELG ndani ya duara la yai. Akiziona, mtutu huo ulijaribiwa Liège, Ubelgiji, na huenda bunduki nzima iliundwa kwa ajili ya biashara tu.

Tahadhari mbili kwa familia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huhesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale. Sheria hiyo ni ya Marekani, nayo haimlindi mtu wa huku aliyeficha gobori darini. Hata Uingereza, mwezi Machi 2021, ilibana kanuni zake na kuondoa baadhi ya bastola za kale katika msamaha, kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizitumia. Mwenye kukuta bunduki katika nyumba ya marehemu aiache pale ilipo na kupeleka habari kituo cha polisi.

Na asiiguse kwa sababu nyingine. Magobori mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti iliyo kavu haizeeki. Fundi hupima kwa ufito: huutumbukiza mdomoni mpaka ukome, hutia alama, kisha huulaza nje ya mtutu. Ufito ukikoma mbali na mwisho wa mtutu, pana kitu ndani. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha, asimame kando ya mdomo, na watoto wawe nje ya nyumba.