BOMU LA MGENI, KABURI LA MWENYEJI

Ndugu Wafanya Kazi,

Wako watu wanaotuuliza, "Ninyi watu wa reli mna shauri gani na mabomu ya atomiki? Shughulikieni mishahara yenu." Leo tunawajibu. Mshahara ni wa mtu aliye hai. Tena bomu halitembei lenyewe kama mzimu. Yuko fundi anayelifunga, yuko askari anayelilinda, na yuko mfanya kazi anayezoa taka siku likianguka.

Jambo lenyewe ni hili. Marekani imeweka mabomu yake ya atomiki katika nchi za rafiki zake: Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Italia na Uturuki. Mwaka 1971 silaha za namna hiyo katika Ulaya zilipita 7,000. Siku hizi wataalamu wanakadiria kwamba yamebaki mabomu kama 100. Urusi nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba inapeleka za kwake Belarusi, nchi iliyokuwa imekwisha kuondolewa silaha hizo zote mwaka 1996. Kila upande unasema, "Tunamlinda rafiki." Na kila upande unaziita silaha ndogo, za uwanja wa vita tu.

Ndogo! Bomu lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945 lilikuwa na nguvu ya tani 15,000 hivi za baruti kali. Bomu jipya la Marekani, B61-12, laweza kupunguzwa nguvu, lakini likiachiliwa lote lafika tani 50,000. Mtu akikuambia nyoka ni mdogo, muulize kwanza habari za sumu yake.

Sasa tuulize, ufunguo anao nani? Katika nchi kama Uholanzi na Ujerumani, ndege ni za mwenyeji na rubani ni mwana wa mwenyeji, lakini ruhusa ya bomu hutoka kwa Rais wa Marekani. Huko Belarusi, Rais Putin alisema wazi kwamba Urusi haitamkabidhi mwenyeji mamlaka juu ya silaha hizo. Ndugu, tuseme tajiri mmoja analeta behewa la baruti, analiegesha mbele ya nyumba zetu za reli, kisha anarudi kwao na ufunguo mfukoni. Akituambia, "Hilo ni la kuwalinda ninyi," tutampigia makofi? Adui yake atalenga wapi kwanza, kwake au kwetu?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hamponyi mwenyeji. Hata kumwambia hamwambii. Uholanzi serikali ilikuwa haikubali wala haikani, mpaka Bwana Ruud Lubbers, aliyekuwa Waziri Mkuu zamani, aliposema mwaka 2013 kwamba yako mabomu 22. Ujerumani, Bunge liliitaka serikali mwaka 2010 ifanye bidii yaondolewe. Hayakuondolewa.

Tazameni yaliyowapata wenzetu wa Denmaki. Nchi yao ilisema haitaki silaha za atomiki katika ardhi yake. Lakini Januari 1968 ndege ya Marekani yenye mabomu manne makubwa ilianguka juu ya barafu karibu na kambi ya Thule, Grinlandi, nchi iliyo chini ya Denmaki. Nani aliyezoa theluji yenye sumu, katika giza na baridi kali? Wafanya kazi wa kambi, Wadenmaki, pamoja na Wamarekani. Miaka mingi walilalamika kwamba wanaugua. Mwaka 1995 ndipo siri ilipofichuka: tangu 1957 Waziri Mkuu wao alikuwa amewaashiria Wamarekani kwamba hatapinga. Mkubwa alinawa mikono kama Pilato, na mdogo akashika sepetu.

Na tusiwasahau watu wa reli wa Belarusi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, baadhi yao waliharibu mitambo ya signali ili treni za jeshi la Urusi zisipite. Walifungwa miaka mingi. Julai mwaka ule ule Mahakama Kuu ilivunja vyama huru vya wafanya kazi. Mwaka uliofuata, mabomu yakatangazwa. Vyama vilipokwisha kunyamazishwa, nani angeuliza swali?

Wengine watasema watu wa Ulaya wana hofu ya kweli ya jirani yao. Ni kweli, nasi hatuwacheki. Lakini tangu lini hofu ya moto ikaponywa kwa kuweka petroli chini ya kitanda?

Sisi Waafrika tunao Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza nguvu mwaka 2009, na Kenya imo. Unakataza nchi yo yote kukaribisha silaha hizi katika ardhi yake. Lakini mlango mmoja uliachwa: manowari za kigeni zikizuru bandari, kila serikali huamua yenyewe. Basi tunadai uamuzi wa namna hiyo, Mombasa au po pote, usifanywe gizani. Wachukuzi wa bandari na watu wa reli waambiwe, na Bunge liulizwe.

Ndugu, leteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu. Asiyeuliza mzigo una nini ndiye atakayeuzoa ukimwagika.

Umoja ni nguvu.