Msinipigie Makofi, Niliendesha Baiskeli Tu

Wasee, tangu niweke ile video ya Busia hadi Kisumu simu yangu haijapumzika. "Shujaa." "Heshima, brathe." "Huyu jamaa ana miguu ya chuma." Asanteni, lakini enyewe hizo sifa zinanikera, na leo nitasema kwa nini. Najua kuna watakaokasirika. Sawa tu.

Kwanza, safari yenyewe haikuwa maajabu. Ni kilomita 110 na kidogo. Nilitoka Busia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, trela zimepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Bumala nikanywa chai na mandazi mawili. Sega sikusimama. Kazi kamili ilikuja baada ya kuvuka mto Yala, pale unapoanza kupanda kuelekea Luanda, jua limeshakasirika. Maseno kuna alama ya ikweta. Kila mtu hupiga picha hapo, nami nikapiga. Kutoka hapo hadi Kisian unateremka tu, ziwa linaonekana kule chini, hata nyanya yangu angeweza. Saa tisa na nusu nilikuwa Kisumu nakula samaki.

Sasa, kila mji niliosimama swali lilikuwa moja: "Gari limeharibikia wapi?" Ugunja nilipata pancha, na fundi aliuliza hivyo kabla hata ya kutoa tyubu. Nikamwambia sina gari, nimeamua tu. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Kwa hesabu yake, mtu mwenye pesa ya helmeti kama yangu hana sababu ya kukanyaga pedali. Akaniambia zamani benchi lake lilikuwa la baiskeli tupu, siku hizi analishwa na pikipiki.

Hebu fikiria anayesema hivyo anatoka wapi. Huo ndio upande ambapo boda boda ilizaliwa! Miaka ya 1960, vijana wa mpakani walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, na neno lenyewe limetokana na "border". Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na zikajaa kila kona. Sina ugomvi na pikipiki, binamu yangu anasomesha watoto kwa hiyo kazi. Ugomvi wangu ni kwamba tulianza kuongea kana kwamba baiskeli iliisha. Haikuisha. Simama kwenye hiyo barabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi uhesabu mwenyewe: mtoto wa shule amempakia mdogo wake, mama amefunga gunia la makaa kwenye keria, kijana na mitungi minne ya maji. Hakuna hata mmoja anayeitwa shujaa.

Ndio maana nataka kuwaambia juu ya mzee wa mkate.

Nilimkuta baada ya Sidindi, kwenye Black Mamba, sanduku kubwa la mkate limefungwa nyuma kwa mpira. Tulienda pamoja kama nusu saa. Mimi nina gea ishirini na kitu, yeye ana moja, na mlimani hakuniacha niringe. Anapeleka mkate dukani siku sita kwa wiki. Halafu trela ikaja nyuma yetu, na matatu ikaamua kuipita pale pale. Honi. Makanga amejitokeza hadi kiunoni, anampigia mzee kelele: "Toa hiyo takataka barabarani!" Mzee akatoka. Shida ni kwamba pale lami imeliwa pembeni, imebaki kama ngazi, na ukishuka na mzigo gurudumu la mbele linajikunja. Akaanguka. Sanduku likafunguka.

Nikamuuliza, "Mzee, umeumia?" Akasema, "Kijana, nisaidie kuokota kwanza." Mikate saba ilikuwa imeharibika. Ikiharibika analipa yeye. Nilinunua miwili, akanipunguzia bei, na hapo ndipo niliona aibu kabisa.

Mimi makanga hakunitukana. Nilikuwa mita tano mbele, kwenye lami ile ile, na mwendo ule ule. Tofauti ni nguo ya kubana na helmeti. Mimi nilionekana kama mchezo, yeye alionekana kama umaskini. Na msijifanye hamjui hiyo sauti ya makanga. Nimewahi kuwa ndani ya matatu kama hiyo, mtu akatukanwa hivyo, nikacheka na wengine. Baadhi yenu mnaoniandikia "heshima" mlikuwa viti vya nyuma.

Kuna atakayesema, buda, nchi haina pesa ya kupanua barabara. Wacha hiyo. Thika Road ilizinduliwa mwaka 2012 na njia za baiskeli zikiwemo, kwa hivyo kujenga tunajua. Ni vile tuliziwekea vibanda na magari. Huku mashinani watu hawajapewa hata hiyo njia ya kupuuzwa. Wanapewa mstari wa rangi, na nje ya mstari, shimo. Mita moja na nusu ya lami nzima kila upande ingemtosha mzee.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Siku barabara ya kwenu ikijadiliwa, usimwachie chifu na wazee watano. Nenda, inua mkono, uliza: mwenye baiskeli atapita wapi? Wakikwambia atumie pembeni, uliza pembeni ipi. Hiyo ingenifurahisha kuliko emoji elfu moja za moto.

Na kuna jambo lingine, ndilo limeninyima usingizi. Kamera ilikuwa inarekodi. Tukio lote la mkate ninalo, dakika nne. Nililikata. Nilijiambia linaharibu mwendo wa video, kwamba watu wanataka milima na ikweta. Kwa hivyo na mimi nilimtoa barabarani.

Leo nimeirudisha ile video nzima. Sura ya mzee nimeificha kwa sababu sikumwomba ruhusa. Utamwona anavyofunga sanduku upya, anavuta mpira kwa meno, kisha anasimama nyasini na baiskeli yake akingoja. Zinapita trela tatu. Ya nne ikiwa bado mbali, anapanda.