Mashine kuukuu ya seremala: bei haiishii kwa dalali

MASEREMALA wanaofanyia kazi uani kwao, Dar es Salaam hadi Mbeya, wanapenda mashine kuukuu za kutoka Ulaya. Wana haki. Randa ya miaka ya 1950 au 1960 iliyotoka kiwanda kama Wadkin cha Leicester, Uingereza, kilichoanza mwaka 1897, ina mwili wa chuma kizito cha kumimina. Uzito huo humeza mtikisiko, na ubao wa mninga hutoka laini. Mashine mpya ya bati, hata ikiwa na rangi ya kupendeza, hurukaruka ikikutana na mbao ngumu.

Tatizo ni mnunuzi anayepatana bei kabla hajaangalia umeme wa nyumbani kwake. Mkopo wa SACCOS unaanza kudaiwa, iwe mashine imewaka au haijawaka.

Nyingi ya mashine hizo ziliundwa kwa ajili ya viwanda, na mota zake zinataka umeme wa njia tatu, volti 400 au 415. Nyumba nyingi zina njia moja, volti 230. Fundi anaweza kuomba TANESCO imvutie njia tatu, na kama laini hiyo iko mbali atalipia nguzo. Anaweza kununua kifaa cha kugeuza njia moja kuwa tatu, au kubadili mota. Kwa randa ya nguvu za farasi 3, kubadili mota mara nyingi ndiyo nafuu. Ile ya farasi 10 afadhali aiache ilipo.

Za Marekani zina mtego wake. Mota zake ziliundwa kwa umeme wa hezi 60, wakati wa Afrika Mashariki ni hezi 50. Mota huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na inaweza kupata joto hadi ikaungua.

Rangi mpya nayo ni sababu ya kuchungulia zaidi, hasa miguuni na kwenye maungio, kwa kuwa chuma cha kumimina kikipasuka hakichomelewi kirahisi kama nondo. Beringi zinapatikana madukani. Meza iliyopinda ni hasara. Na dalali anayekataa mashine iwashwe mbele ya mnunuzi amekwishajibu swali.

Randa za zamani sana huwa na kichwa cha visu chenye pembe nne. Mwanya kati yake na meza ni mpana, na mkono ukiteleza huvutwa ndani. Kichwa cha duara huacha mwanya mdogo. Hiyo ya pembe nne, hata ikitolewa bure, fundi anayesukuma ubao kwa mkono asiipokee.

Kabla ya kulipa, apime pia mlango wa ua. Mashine ya kilo 700 haishushwi na vijana wanne wa mkokoteni. Inataka winchi na sakafu ya zege, na wengi hulijua hilo lori likiwa limeshafika.