Paa si Aibu

Nani aliyewadanganya Watanzania kwamba paa ni aibu, lazima lifichwe? Pita jijini Dar es Salaam: Goba, Madale, Salasala, vuka bahari mpaka Kibada. Kila nyumba inayotaka kuitwa ya kisasa imepandishwa kuta kupita bati, mpaka mpita njia haoni tena mteremko wala upenu. Anaona sanduku jeupe lenye mistari ya kijivu na vioo vyeusi. Mafundi wanaliita kontempo. Mimi naliita kosa la ujenzi, tena kosa la gharama kubwa, linalofanywa na watu waliojinyima miaka mingi ili wajenge.

Mvua ya Dar es Salaam kwa kawaida hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi yake humwagika kwa kishindo wakati wa masika. Paa lenye mteremko na upenu huyatupa maji hayo mbali na ukuta. Paa lililofichwa huyaingiza ndani, kwenye mfereji mwembamba kati ya bati na ukuta, na majani ya mwembe yakishauziba maji hayana pa kwenda ila kwenye jipsamu ya sebule. Ukuta wa nje nao, kwa kuwa hauna upenu, unalowa toka juu hadi kwenye msingi. Rangi inabanduka. Ukungu unaingia chumba cha watoto. Masika ya kwanza fundi anaitwa kuziba, ya pili anaitwa tena, na bado jirani anachora nyumba ile ile.

Na jua je? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hutusimamia utosini. Hata Juni, linapoegemea kaskazini kuliko wakati wowote, bado liko juu kiasi kwamba upenu wa mita moja hukinga dirisha la kawaida. Jua lisilokingika ni la asubuhi na la alasiri, linalokuja chini chini na kupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima. Basi nyumba ya pwani hulazwa kwa urefu toka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yakatazama kaskazini na kusini, ambako pia ndiko unakotokea upepo: kaskazi kuanzia Desemba, kusi katikati ya mwaka. Upepo huo haulipiwi umeme wa LUKU.

Lakini ramani iliyonunuliwa kwenye simu haijui kaskazini ni wapi. Haikuchorwa kwa ajili ya kiwanja chochote. Inageuzwa tu kuelekea barabarani, ukuta wa kioo uonekane, hata kama barabara iko magharibi. Ikifika saa kumi alasiri sebule haikaliki. Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo nusu yake haifunguki kamwe, ndilo linalomaliza kazi. Kinachobaki ni kiyoyozi.

Kinachoniuma zaidi ni kile kinachofanywa kabla ya tofali la kwanza. Katapila linaingia, mwembe na mikorosho inang'olewa siku moja, kilima kinakatwa kiwe bapa ili kiifuate ramani, halafu mamilioni yanazikwa kwenye ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke. Kwa nini nyumba isishuke na mteremko, sebule juu, vyumba vya kulala ngazi chache chini, mwembe ukabaki kukinga magharibi? Badala yake uwanja wote unafunikwa pevingi. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua sasa inaisukuma mabondeni kwa wengine. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini hapa, na Bonde la Msimbazi bado linajaa maji. Sisi wa juu tunaendelea kumwaga zege.

Watakuja wa kuniambia nataka turudi kwenye udongo na makuti. Hapana. Tumia saruji, bati, alumini, chuma. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza nchini, alitumia zege tupu kwenye Soko la Kariakoo miaka ya 1970, na paa akalifanya ndilo jengo lenyewe: miavuli mikubwa inayotoa kivuli, inayopitisha hewa na kuteka maji ya mvua. Huo ndio usasa! Paa la nyumba la mita za mraba 200 linapokea lita 200,000 kwa kila milimita 1,000 za mvua, sawa na maboza 20 ya lita 10,000, na mwenye nyumba anayamwaga maji hayo barabarani huku akipiga simu kuagiza boza. Nyumba za Kiswahili za Magomeni, zenye baraza mbele, korido katikati na uani nyuma, zilijua mambo haya bila kuhitaji hata feni.

Halmashauri ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi. Zianzie hapo: mchoro usioonyesha kaskazini, mteremko wa kiwanja, miti iliyopo na mahali maji ya paa yatakapoishia, urudishwe kwa aliyeuleta siku hiyo hiyo, hata kama ada imeshalipwa.