Mlango aliopitia Sumption uachwe wazi

Mwaka 2007, bilionea wa Kirusi Boris Berezovsky alikuwa madukani katika mtaa wa Sloane, London, alipogundua kwamba Roman Abramovich, mmiliki wa klabu ya Chelsea wakati huo, yuko duka la jirani. Akaichukua hati ya madai aliyokuwa akitembea nayo, akaenda kumkabidhi papo hapo.

Kesi ilianza kusikilizwa Oktoba 2011. Berezovsky alidai zaidi ya dola bilioni 5, akisema Abramovich alimtisha mpaka akaachia hisa zake za kampuni ya mafuta ya Sibneft kwa bei ya kutupa. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Kila kitu kilitegemea nani ataaminiwa kizimbani, na kazi ya kumhoji Berezovsky ilimwangukia wakili wa Abramovich, Jonathan Sumption. Agosti 2012 Jaji Elizabeth Gloster aliyatupa madai yote na kumwona Berezovsky kuwa shahidi asiyeaminika.

Hukumu hiyo iliposomwa, Sumption hakuwa wakili tena. Tangu Januari mwaka huo alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, bila kuwahi kuwa jaji wa kudumu wa Mahakama Kuu wala wa Mahakama ya Rufani. Tangu mahakama hiyo ianzishwe mwaka 2009, hakuna aliyewahi kuingia hivyo moja kwa moja kutoka kwenye uwakili. Wapo majaji walionung'unika, kwa kuwa wao walikuwa wamepanda daraja baada ya daraja. Manung'uniko yao yanaeleweka, lakini waliomteua walifanya jambo la maana ambalo nchi zetu nazo zinapaswa kulifanya mara nyingi zaidi.

Mtu mwenyewe hakuanzia kwenye sheria. Alizaliwa mwaka 1948, akasoma Eton, kisha historia katika chuo cha Magdalen, Oxford, ambako alibaki kufundisha. Mwaka 1975 akaingia kwenye uwakili, na mwaka 1986 akapewa hadhi ya Wakili wa Malkia. Kutoka jengo la mawakili la Brick Court aliendesha kesi za makampuni, mabenki na serikali, akawa miongoni mwa mawakili wanaolipwa fedha nyingi kuliko wote Uingereza. Historia hakuiacha. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa ilitoka 1990, ya tano na ya mwisho 2023. Aliyezoea kuchambua hati za karne ya 14, nyingine zikipingana, hatababaishwa na barua na miamala ya matajiri wa Moscow.

Faida ya kuwa na mtu wa namna hiyo kwenye benchi ilionekana Juni 2013, katika kesi ya Prest dhidi ya Petrodel. Mfanyabiashara wa mafuta mzaliwa wa Nigeria alikuwa akitalikiana na mkewe, na nyumba alizodai mke zilikuwa zimeandikishwa kwa majina ya kampuni. Ingekuwa rahisi kusema kampuni ni mume yuleyule, mambo yakaisha. Sumption, aliyeandika hukumu kuu, alikataa: kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, na mahakama haina ruhusa ya kuipuuza kila inapoona mtu ameonewa. Kisha akauliza swali ambalo aliyeishi kwenye kesi za biashara hulifikia haraka: fedha za kununulia nyumba zilitoka kwa nani? Ushahidi ulielekeza kwa mume, hivyo kampuni zilikuwa zimemshikia tu mali yake. Mke akapata nyumba, na sheria ya makampuni ikabaki nzima.

Kenya ilishafungua mlango huo hata kabla. Katiba ya 2010 inaruhusu wakili au mwanazuoni mwenye uzoefu wa miaka 15 kuingia Mahakama ya Juu, na mwaka 2011 Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu bila kuwahi kuwa jaji.

Sumption hakukosa doa. Februari 2010, akiiwakilisha serikali katika kesi ya Binyam Mohamed, mzaliwa wa Ethiopia aliyeteswa na kufungwa Guantánamo, aliandika barua kumsihi jaji alegeze aya ya rasimu ya hukumu iliyowashutumu maofisa wa usalama. Wakili ana wajibu kwa mteja wake, ni kweli, lakini umma ulistahili kuisoma aya ile kama jaji alivyoiandika.

Mwaka 2015 alisema usawa wa wanawake na wanaume kwenye ujaji unaweza kuchukua miaka 50, na kwamba kuharakisha kungeleta madhara makubwa. Kauli hiyo inaudhi zaidi ikitoka kwa mtu aliyerukishwa madaraja mawili. Aliyefunguliwa mlango wa pembeni kwa sababu ya kipaji hana msingi wa kuwaambia wengine wasubiri foleni. Wakati Sumption anaapishwa, Brenda Hale, aliyeanza kazi kama mhadhiri wa sheria Manchester, alikuwa mwanamke pekee katika mahakama ile. Sumption alipostaafu Desemba 2018, wanawake walikuwa watatu kati ya majaji 12, na rais wa mahakama alikuwa Hale.