Jicho Linapokuwa Mshirika

Mwaka 1980 mwongozaji wa Kiitaliano, Ruggero Deodato, alitoa filamu ya kutisha iitwayo Cannibal Holocaust, kuhusu wapiga picha waliopotelea katika msitu wa Amazon. Mauaji yake yalionekana ya kweli kiasi kwamba filamu ilikamatwa, na Deodato akalazimika kuthibitisha mahakamani kwamba waigizaji wake hawakuuawa. Waigizaji wakaonekana wakiwa hai, na tuhuma ya mauaji ikaanguka.

Hata hivyo, damu ya kweli ilikuwamo. Wanyama kadhaa, akiwamo kobe mkubwa, waliuawa hasa mbele ya kamera. Waliuawa namna ile kwa sababu palitarajiwa jicho la kutazama. Mtazamaji hakushika panga, lakini ndiye aliyeandaliwa karamu.

Mwaka 1997 Michael Haneke wa Austria alilibeba suala hili kwa njia nyingine katika Funny Games. Vijana wawili wanaitesa familia katika nyumba yake ya mapumziko, na mmoja wao hugeuka mara kwa mara kutusemesha sisi watazamaji. Mama anaponyakua bunduki na kumpiga risasi mtesaji mmoja, tunashangilia. Papo hapo mwenzake anatafuta rimoti, anairudisha filamu nyuma, na risasi ile inafutika. Haneke anatushtaki: hatukuuchukia ukatili, tulitaka tu ubadili upande.

Ninakubaliana naye nusu. Kumwombea ushindi mama anayejitetea si hatia, na katika filamu ile hakuna mwigizaji aliyeuawa. Isitoshe, anayetushtaki kwa ulafi ndiye aliyepika. Kipimo changu ni kingine: je, mtu au kiumbe ameumizwa, au ameumizwa zaidi, kwa kuwa mimi nitatazama?

Kwa kipimo hicho, ndugu msomaji, hatari kubwa haiko kwenye ukumbi wa sinema. Iko kiganjani mwetu. Mtuhumiwa wa wizi anapozingirwa na watu wenye hasira, simu huinuliwa kabla hajapatikana wa kuita polisi. Anayepiga anajua kwamba anarekodiwa; kipigo kinageuka onyesho, na onyesho hudai mwisho wake. Kisha sisi tulio mbali, wenye shahada na vyeo, tunaipokea video kwenye kundi la WhatsApp, tunaandika "inasikitisha", na kuisambaza.

Naijua hoja ya utetezi: video hizo ni ushahidi. Ni kweli, na ushahidi una pa kupelekwa: kwa mpelelezi, kwa wakili, kwa mtetezi wa haki za binadamu. Kundi la wanafunzi wenzako au la wafanyakazi wa idara yako si mahakama. Ukiituma huko, umewaongezea wapigaji watazamaji waliokuwa wakiwataka, na umemnyima aliyepigwa hata stara ya kuumia bila kuangaliwa.